Panya Mzima wa Bwana Nyama

Friji ya Bwana Nyama ilikuwa na droo tatu. Ya juu mkewe aliweka barafu za ukwaju za kuwauzia abiria wa mabasi, ya katikati samaki, ya chini panya. Panya walilala humo wamenyooka, wawili wawili kwenye mfuko, mikia imekunjwa ubavuni, kama wanafunzi wa bweni. Siku watu wa Somanga walipoijua ile droo ya chini, barafu za ukwaju zilikosa mnunuzi mwezi mzima. Mkewe akamwambia, "Chagua. Mimi au panya." Bwana Nyama akafikiri. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko mwanamke yeyote anavyopenda mumewe afikiri. Halafu akapanda gari akaenda Lindi, akarudi na friji ya pili.

Ndivyo alivyokuwa. Hakutaka kumwacha mke na hakutaka kuwaacha panya, na hakuona kwa nini watu wanapiga kelele.

Nyama hakuwahi kuuza hata robo kilo. Zamani afisa wa wanyamapori ndiye aliyeitwa Bwana Nyama, na jina lilimganda hata alipostaafu na kuvua zile nguo za kijani. Wageni waliohamia Somanga hawakujua hayo. Walipiga hodi asubuhi na mfuko mkononi.

"Bwana Nyama yupo? Nataka nusu kilo ya mchanganyiko."

"Yupo," mkewe anajibu. "Leo ana chatu. Utamweza?"

Nyuma ya nyumba yake, mbali kidogo na lami, kwenye mikorosho, alikuwa na banda la waya na mbao lenye vyumba vitatu. Kibali chake alikitia kwenye fremu akakitundika mlangoni, juu ya picha ya harusi yake. Chumba cha kwanza kilikuwa na chatu aliyekamatwa kwenye banda la kuku. Cha pili kilikuwa na kanu, yule mnyama mwembamba wa mabaka mwenye mkia wa pete pete. Cha tatu kilikuwa na bundi mwenye bawa lililovunjika, aliyepigwa mawe na watu waliomwona juu ya paa wakasema kaja kumwita maiti. Wote watatu hawakuweza kurudi porini. Wanafunzi waliletwa kuwaona, na abiria walikuja basi lao likipata pancha.

Abiria ndio waliomnoa ulimi. Walimtupia kanu biskuti, walimtupia mkate, mmoja alimtupia kipande cha muwa.

"Kaka, wewe nikikupa kuni ule, utakula?"

"Mzee, namwonjesha tu."

"Onjesha mkeo. Huyu chakula chake kina miguu minne na mkia."

Sasa niseme nilivyoingia mimi. Mimi ni Mmwera. Kwetu bara panya wa shamba ni kitoweo, na sioni haya kulisema. Mama yangu alinifundisha kumtega kabla hajanifundisha kusonga ugali. Nilipoolewa Somanga kwa watu wa pwani, nikakuta panya ni haramu na ni kinyaa, na mla panya ni mimi. Wanawake wa stendi walinitania mpaka nikawa bibi, nikazeeka na utani wangu. Wajukuu ninao tisa, wote wameshiba, na hakuna hata mmoja niliyemlisha haya. Basi Bwana Nyama alipotafuta mtu wa kumletea panya, hakuzunguka. Alikuja moja kwa moja kwenye kibaraza changu.

"Mmwera, nasikia panya unawajua."

"Nawajua kuliko unavyomjua mkeo."

Akacheka. Alinizidi umri kama miaka minane, lakini utani ulikuwa mwingi kati yetu, na shikamoo yangu kwake ilikuwa nusu shikamoo.

"Basi niletee watatu," akasema. "Nataka panya mzima."

Kesho yake nikampelekea watatu. Niliwafanya kama nilivyofundishwa. Nimewababua manyoya, nimewatumbua, nimewasafisha kwa chumvi, nimewapanga kwenye kijiti, nimewakausha kwa moshi mpaka wakawa rangi ya dhahabu. Kwa mgeni ningejivunia. Bwana Nyama alikishika kile kijiti akakigeuza geuza.

"Hiki nini?"

"Panya."

"Matumbo yake yako wapi?"

"Wameyala kuku."

"Na manyoya?"

"Nimeyababua. Mnyama wako anataka kula manyoya?"

"Ndiyo," akasema. "Anataka. Mmwera, bundi hali nyama. Bundi anakula panya. Ini lake analitaka, mifupa yake anaitaka, manyoya anayataka ya kufungia mifupa tumboni, hata mtama ulio ndani ya utumbo wa panya anautaka. Nikimpa mnofu mtupu miezi sita, miguu inapinda, anaanguka kwenye kijiti. Wewe umeniletea karamu. Mimi nimekuomba mzima."

Nikarudi nyumbani nimenuna. Siku ya pili nikampelekea mmoja kwenye mtego wa kasha, anaruka ruka, anang'ata waya.

"Mzima huyo!" nikamwambia. "Tena mzima kuliko mimi na wewe."

Akajifunika uso kwa viganja.

"Mzima, Mmwera, lakini amekufa."

"Mfu atakuwaje mzima? Ndicho Kiswahili chenu cha pwani hicho?"

"Ndicho chetu cha pwani. Mzima, asiyepungua kitu."

Akanipeleka kwa chatu. Mgongoni, karibu na mkia, chatu alikuwa na kovu jeupe refu kama kiganja changu. Akaniambia kwamba kabla hajaletwa kwake, waliomkamata walimtupia panya hai kwenye pipa wakaondoka. Chatu hakuwa na njaa. Panya alikuwa nayo. Asubuhi walikuta panya ameketi juu ya chatu anakula, ameshafika kwenye mfupa. "Panya hangoji kuliwa," akasema. Tangu hapo hakuna panya hai aliyeingia kwenye banda lile. Akanifundisha namna ya kumuua, pigo moja la kisogoni, haraka, kabla hajajua. Na wakati huo hakutaka kicheko. Aliyecheka alitolewa nje, hata awe mwalimu.

Neno lile lilikuwa na maana ya tatu tumboni. Mzima kwake ilikuwa pia asiye na ugonjwa, asiye na dawa mwilini. Kwa hiyo panya wa mitaani hakuwataka kabisa, maana hujui wamekula nini na kwa nani. Akaniletea mbegu kutoka Morogoro, majike manne na madume mawili, weupe na wa mabaka na wengine wa kijivu kama hawa wetu wa darini. Nikawajengea kibanda cha mabati, nikawaweka kwenye madumu yaliyokatwa, nikawalisha pumba, mahindi, mchicha na vichwa vya dagaa. Bwana Nyama alikuja kunusa pumba zangu. Kweli kabisa, aliinama akanusa. "Alichokula huyu, bundi naye amekila," alisema, na pumba zilizoanza kuota ukungu alizimwaga mwenyewe bila kuniomba ruhusa.

Kila Alhamisi, baada ya adhuhuri, nilimpelekea. Aliniwahi mlangoni. Hakuniambia karibu, hakuufungua mfuko. Aliuliza kwanza.

"Wazima?"

"Wazima."

Hapo ndipo aliponyoosha mkono. Ukisema "wazima, nadhani," unarudi nao. Siku moja nilimwambia mmoja jicho lilikuwa linamtoka maji kidogo, akamrudisha. Nilikasirika, maana alikuwa panya wangu mnene kuliko wote. Alhamisi iliyofuata akaniuliza yule wa jicho aliishia wapi.

"Nimemla."

"Umemla!"

"Sikufa. Unaniona."

"Ulimla mzima?"

"Nimemtumbua. Mimi si bundi."

Alicheka mpaka akashika mlango, na mkewe akatoka jikoni kuangalia kuna nini.

"Wazima?" "Wazima." Miaka mitatu tulisemezana hivyo. Nililijibu swali lile nikiwa na homa, nikiwa na msiba, nikiwa nimegombana na mume wangu. Kwa uongo nililijibu mara mbili tu. Nitafika.

Sijamaliza kumweleza. Alikuwa na beseni jekundu ambalo mtu mwingine akilishika anafokewa. Humo aliwalaza panya kutoka kwenye friji, kwanza kwenye maji baridi, halafu ya vuguvugu. Aliwangoja bila haraka. Kabla ya kuwapeleka alimkausha kila mmoja kwa kitambaa na kumgusisha shavuni, kama mama anayepima uji wa mtoto. Akiwa bado ana ubaridi kiunoni, anarudi majini.

Chatu alikuwa mgumu. Hakutaka panya aliyelala. Bwana Nyama alimshika panya mkia kwa koleo la mkaa, akamtembeza mchangani, mbele, nyuma, anasimama, ananusa, anakimbia kidogo. Na yeye mwenyewe, bila kujua, pua ilimchezacheza. Mkewe alitazama kutoka dirishani.

"Mzee mzima," anasema, "anacheza na panya."

"Nifunge mlango basi nisionekane?"

"Ungeanza na kutafuta akili."

Na mtu huyo huyo aliyegusisha panya shavuni, kipanya kidogo cha nyumbani kilipopita sebuleni kwake siku moja tukiwa tunakunywa chai, aliruka juu ya kochi na kikombe mkononi. Tulimwona wote. Hakushuka mpaka mkewe alipokitoa nje kwa fagio. "Yule hajanizoea," akasema.

Kuku wake mwenyewe hakuweza kumtazama akichinjwa. Aliingia ndani akawasha redio.

Alikuwa na sheria kwamba wanyama wale hawapewi majina. Ukimpa jina, alisema, utaanza kumlisha unachopenda wewe badala ya anachotaka yeye. Lakini bundi alimwita Mama Mkwe. Alianza kwa mzaha, kwa sababu bundi aligeuza kichwa kumfuata kila alikokwenda, kama mama mzazi wa mkewe alipokuja kuwatembelea. Halafu mzaha ukawa heshima. Aliingia kwake ameinamisha kichwa. Aliweka panya juu ya ubao, akasema, "Mama Mkwe, karibu chakula," akatoka kinyumenyume. Bundi alimchukua panya kwa mguu, akamtazama, akammeza kuanzia kichwani. Mkia ulibaki ukining'inia mdomoni kidogo kama uzi, halafu nao ukaingia.

Asubuhi Mama Mkwe alitapika tonge. Dogo, la kijivu, limeviringika, limefungwa kwa manyoya. Bwana Nyama aliyakusanya matonge yale kwenye kopo la maziwa, na wanafunzi walipokuja aliwapa kila kundi moja na vijiti viwili. Walichambua. Ndani ya manyoya mlikuwa na mifupa yote, taya na meno yake, mbavu nyembamba kama sindano, na fuvu dogo zima. Walipanga juu ya karatasi mpaka panya akatokea tena. Wasichana walioingia wakiziba pua walitoka wakigombania fuvu.

"Mnaona?" aliwaambia. "Bundi hafichi. Alichokula anakileta mbele za watu."

Mimi nilikuwa nimekaa pale na mfuko wangu, nikasikia, nikacheka pamoja nao.

Sasa lile langu. Ilikuwa masika. Jumatano asubuhi nilikwenda kwenye kibanda cha mabati nikakikuta cheusi. Siafu. Walikuwa wamepita usiku wakiwa wametoka Mungu ajuaye wapi, na kwenye madumu yangu hakukuwa na panya hata mmoja anayepumua. Ningekwenda kwa Bwana Nyama nikamwambia siafu wamenimaliza, angesema pole, angetoa wa kwenye friji, wiki ingepita. Hakukuwa na ubaya wowote.

Lakini Jumapili iliyotangulia tulikuwa harusini, na mwanamke mmoja wa stendi alikuwa ameniambia mbele ya watu, "Bibi Panya, kazi yenyewe hiyo, siku wakikwisha utampelekea nini, vidole vyako?" Nami nilisimama nikamjibu kwamba sijawahi kukosa Alhamisi hata moja na sitakosa mpaka nizikwe. Walipiga vigelegele. Vigelegele vile ndivyo vilivyoniponza.

Nikaenda kwenye ghala la ufuta la shemeji yangu. Panya walikuwa wanamtesa. Akasema, "Chukua wote, shemeji, Mungu akubariki." Nikatega jioni, Alhamisi asubuhi nikakuta watatu wa kijivu, wanene, wachangamfu. Na kwenye kizingiti cha ghala niliona punje za rangi ya waridi. Niliziona. Wiki ile mwuzaji alikuwa amepita na spika yake, "Dawa ya panya, dawa ya mende, kunguni, viroboto!" Mji mzima ulimsikia. Nikasimama na mtego mkononi nikazitazama zile punje, nikajiambia aliyekula dawa hawezi kuruka hivi. Mimi, ninayejua panya kuliko mtu anavyomjua mkewe.

"Wazima?" Bwana Nyama aliuliza.

"Wazima."

Nilijibu haraka kuliko siku zote. Sidhani kama alitambua.

Mama Mkwe alikula mmoja siku hiyo na mwingine kesho yake. Chatu alikuwa ameshakula, hakuhitaji, na wa tatu akaingia kwenye friji kungoja zamu ya kanu. Jumatatu nikaitwa. Bundi alikuwa ameshuka chini, mabawa yameanguka pembeni kama kanga iliyoloa, na damu ilimtoka puani tone kwa tone. Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki kutoka Masoko. Alimfungua mdomo, akamwangalia ufizi, akauliza, "Amekula sumu? Kama ni sumu ya panya, sindano yake ninayo. Lakini niambieni kweli, nisije nikamchoma dawa isiyo yake, mwili wenyewe mdogo huu."

Bwana Nyama hakufikiri hata kidogo. Alininyooshea kidole.

"Panya wanatoka kwa huyu. Alhamisi nilimuuliza, kasema wazima."

Daktari akanigeukia. Nilikuwa nimeshika lile beseni jekundu, kwa mara ya kwanza nimeruhusiwa kulishika. Nikatazama ndani ya maji.

"Wazima," nikasema.

Daktari akaifunga sindano yake. Akasema basi ni chakula kilichoharibika, akatoa dawa ya tumbo. Bwana Nyama akakumbuka kwamba umeme ulikatika wiki ile, panya wakalainika, naye akawaacha wakagande tena, akamlisha bundi badala ya kuwatupa. Nikaenda ndani kumsalimia mkewe. Alipotoka kuchota maji nikafungua ile friji ya panya, nikamtoa yule wa kijivu, nikamfunga kwenye pindo la kanga, nikamkandamiza tumboni. Alikuwa wa baridi mpaka nikashindwa kuvuta pumzi. Nilitembea naye hivyo mpaka nyumbani, watu wananiamkia, najibu marahaba. Nikamchoma moto. Kanu aliokoka kwa sababu hiyo. Nilijipongeza kwa kanu miaka minne.

Mama Mkwe alikufa kesho yake kabla ya saa sita.

Bwana Nyama hakulia. Aliwaita wanafunzi akawaambia bundi amekufa kwa kosa lake, kwamba aliona uchungu kuwatupa panya waliolainika akawagandisha tena, na kwamba mtu anayefuga mnyama hana ruhusa ya kuwa bahili. Akawaonyesha friji. Akaifungua droo, akawaonyesha. Mwezi uliofuata akaandika barua, gari likaja likawachukua chatu na kanu kwenda kwa watu wenye mabanda makubwa. Watu walimwambia ni bundi tu. Akasema, "Ndiyo. Na mimi ndiye niliyekuwa namlisha." Lile banda likawa la kuku.

Alhamisi zangu zikawa siku za kawaida. Wanawake wa stendi waliniuliza panya imekuwaje, nikasema Bwana Nyama kachoka. Nilisema hivyo. Kachoka.

Baadaye sukari ikamshika. Binti yake akamhamishia Lindi pamoja na mkewe, na huko mguu wa kushoto ukakatwa chini ya goti. Habari ilipofika Somanga nilikaa nayo siku kadhaa, halafu nikafunga karanga zangu kwenye mfuko nikapanda basi.

Nilimkuta uani kwenye kiti cha plastiki, magongo yameegemea ukuta, mguu uliobaki umevaa kandambili. Amepungua mwili, macho ni yale yale.

"Mmwera!" akasema. "Mzima?"

Swali hilo tunaulizana kila siku, dukani, kisimani, njiani, na tunalijibu bila kufikiri. Mimi pale mlangoni nilishindwa kulijibu.

"Mbona kimya? Gari limekuzungusha kichwa?"

"Bwana Nyama," nikasema, "siku ile hawakuwa wazima."

Hakuuliza siku gani. Nikakaa kwenye ngazi. Nikamwambia siafu waliniingilia, panya wakaisha, nikawachukua kwenye ghala la shemeji yangu, kumbe lilikuwa limewekwa dawa, na mimi sikujua.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatikisa kichwa.

"Umeniletea aliyetumbuliwa," akasema.

"Nini?"

"Kama siku ya kwanza. Umembabua, umemtumbua, umempaka chumvi. Matumbo yake yako wapi?"

Nilikuwa na hasira, nasema kweli. Nimesafiri, nimejishusha, na mtu ananirudisha mlangoni na mfuko wangu. Nilitaka kuondoka. Lakini nilijua mlango ule, na nilijua anavyongoja.

Basi nikasema. Nikamwambia punje za waridi niliziona. Nikamwambia vigelegele vya harusini. Nikamwambia daktari aliponigeukia nilikuwa najua, na nilitazama beseni. Nikamwambia wa tatu nilimwiba kwenye friji yake nikaondoka naye kwenye pindo la kanga.

"Kumbe!" Sauti ilitoka jikoni. Mkewe alitokea na mwiko mkononi. "Kumbe ni wewe! Huyu mzee alininunia wiki nzima! Alisema nimemtupa panya wake kwa makusudi! Aliapa! Si nilikwambia sikumgusa? Si nilikwambia?"

"Uliniambia," Bwana Nyama akasema.

"Wiki nzima!"

"Uliniambia, mama. Nimesikia."

Mkewe akarudi jikoni, na masufuria yakaanza kusema badala yake. Bwana Nyama alichukua gongo moja akalilaza mapajani. Akalitazama.

"Miaka minne," akasema, "najiuliza umeme ulikatika saa ngapi. Nilikuwa nimelala au nilikuwa macho. Hata hospitali, wananikata mguu, nilikuwa nauliza hilo."

Nikaziweka karanga zangu kando ya kiti chake.

"Na ile sindano daktari alikuwa nayo mfukoni."

"Alikuwa nayo."

Akaendelea kulitazama gongo.

"Sasa mzima," akasema.

Nikamwambia aniwie radhi. Niliyasema maneno yote kama yanavyosemwa, na mikono nimeikutanisha. Alinitazama kama alivyomtazama panya wa jicho la maji, bila chuki, akipima.

"Leo sina, Mmwera. Nisikudanganye. Sina." Akanyoosha mkono akachukua zile karanga, akafungua mfuko, akanusa. Akatoa moja akaitafuna. "Njoo Alhamisi."

Leo ni Jumanne. Kanga nimeshafua.